Kidonge cha Mbwa wa Mama Mkwe

Kama unakaa Soni basi mkasa huu umeshausikia, tena umeusikia vibaya, maana ilikuwa siku ya soko na kila aliyeshuka na kapu la karoti alipanda na habari yangu, na ilipofika huko juu ilikuwa imeshaongezwa chumvi mpaka haitambuliki (wapo wanaosema nilimpiga mama mkwe mtama, jambo ambalo si kweli, nilimwangukia tu). Nimeona bora nikusimulie mwenyewe, taratibu, na pale penye aibu sitaparuka, kwa sababu nikiparuka Eliza atakurudisha hapo hapo.

Mimi ni daktari wa mifugo. Nina chumba kidogo nyuma ya duka la pembejeo la mke wangu, huyo Eliza, kando ya barabara, na wagonjwa wangu wengi ni ng'ombe wa maziwa na mbuzi, na kuku ambao wenyewe huwaleta wakiwa wameshakufa ili niwaambie wamekufa kwa nini. Mbwa huja mara chache. Mama mkwe hajawahi kunitamkia neno baya, ila najua kwamba alipoambiwa binti yake anaolewa na daktari alifurahi siku mbili nzima, mpaka alipoambiwa ni daktari wa nini.

Mama anaishi juu kule, njia ya Mponde, peke yake, ana chai kidogo na kabichi, na ana mbwa dume anayeitwa Karani. Jina alipewa na marehemu baba mkwe, kwa sababu alipokuwa mdogo alizoea kukaa karibu na mzani kwenye kituo cha kununulia majani ya chai, akikodolea macho kila kapu linalopimwa kana kwamba yeye ndiye anayeandika. Baba mkwe alipofariki, Karani ndiye aliyebaki wa kwenda na Mama shambani na wa kukaa naye jikoni, na Mama humwongelesha kutwa nzima. Eliza husema mama yake ana watoto watano na Karani ndiye pekee anayemsikiliza. Nakwambia haya ili ujue ni roho ya nani iliyokuwa mikononi mwangu siku ile.

Sasa, Karani ana kifafa. Kilimwanza akiwa mbwa mzima tayari, anaanguka, anatapatapa, anajikojolea, kisha anaamka na kutembea kama mlevi. Nilimwanzishia vidonge, kimoja asubuhi na kimoja jioni, na Mama alikuwa anampa ndani ya tonge la ugali bila kukosa, na mbwa akatulia, akawa anaanguka mara moja moja tu.

Hapa inabidi nikueleze kuhusu mimi na mama mkwe. Mimi nililelewa kwamba mkwe wa kike humpi mkono, hukai naye benchi moja, humkazii macho, na maneno yenye uzito unayapitisha kwa mkeo. Vijana wa siku hizi wanawakumbatia wakwe zao na kupiga nao picha, na sisemi wanakosea, ila mimi nilishakaukia katika malezi yangu. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, maongezi yangu na Mama yalikuwa shikamoo, marahaba, na hali ya mvua. Hata ule ugonjwa wa Karani niliutibu hivyo hivyo, Mama anamwambia Eliza, Eliza ananiambia mimi, mimi nampa Eliza dawa. Nikaona mambo yanakwenda.

Mwaka huu Karani akaota uvimbe ubavuni, ukakua hadi kufikia parachichi, ukaanza kupasuka na kutoa damu. Nikasema utolewe. Na hapo ndipo nilipoanza kujivuna, na kusema ukweli nilikuwa na sababu, kwa maana mbwa mwenye kifafa humlazi kama unavyowalaza wengine. Dawa ya usingizi tuliyozoea huku ni ketamini, iko kwenye begi la kila mtu, lakini ketamini inaweza kuuchokoza ubongo wa namna ile, na mbwa akaanguka kifafa katikati ya upasuaji. Nikampigia rafiki yangu niliyesoma naye, yuko Morogoro, yeye kazi yake ni mbwa na paka tu, nami nikawa naandika kwenye daftari.

"Achana na ketamini," akaniambia. "Tafuta propofoli, ile nyeupe kama maziwa, umpe polepole kwenye mshipa. Mwekee mpira wa kupumulia kooni, mpe oksijeni, akipumua kidogo msaidie, maana hewa chafu ikijaa mwilini presha inapanda kichwani. Huko kwenu baridi, mpashe joto. Diazepamu, ya kumkatia kifafa akianguka, iwe mfukoni, si kabatini. Na vidonge vyake vya kifafa asikose, hata asubuhi ya upasuaji."

"Hilo najua," nikamwambia, na sikuliandika.

Na kweli nilikuwa najua. Tatizo ni kwamba nilijua mimi, na kidonge kilikuwa kwa Mama.

Propofoli nikaiagiza Tanga, mtungi wa oksijeni nikauazima, nikawa kila nikipita dukani nawaeleza wateja wa Eliza jinsi nitakavyomlaza Karani kwa namna ya kisasa (wamekuja kununua mbegu za kabichi, masikini). Siku mbili kabla ya upasuaji nikawa natoka haraka kwenda kumzalisha ng'ombe, na badala ya kumpigia Mama simu mwenyewe, jambo la dakika mbili, nikamwambia Eliza akiwa anapima chakula cha kuku: "Mwambie Mama, kuanzia kesho jioni Karani asile wala asimeze kitu chochote mpaka amlete."

"Chochote?" Eliza akauliza.

"Chochote," nikasema, nikaondoka.

Wewe umeshaona kosa liko wapi. Mimi sikuliona. Kichwani mwangu nilikuwa naongelea ugali na mifupa, kwa sababu mnyama akilazwa na tumbo limejaa anaweza kutapika na matapishi yakaingia kwenye mapafu.

Siku ya siku ikafika pikapu ya kubebea mboga, na ndani yake, nyuma, alikuwamo Mama, na Karani amefungwa kitenge, na kina mama sita wa umoja wa kanisani kwao, na chupa za chai, na hotipoti la magimbi. Kwetu mtu akienda kupasuliwa hasindikizwi na mmoja, na kwa kuwa Karani huhudhuria ibada kila Jumapili (hulala mlangoni) walimhesabu kuwa ni mwenzao. Wakajaza mabenchi yote ya barazani. Watu wa sokoni walipoona kina mama wa kanisa na mbwa katika kitenge, nao wakasogea, tukawa na mkutano.

"Shikamoo Mama," nikasema, macho yangu kwa mbwa.

"Marahaba, baba."

Daktari mwenye akili angemwingiza Karani ndani saa ile ile, akamwekea kanula, kile kijimrija cha kupitishia dawa, kwenye mshipa kwanza, ndipo aongee. Mimi nikabaki barazani. Nikamgeukia Eliza, na Mama amesimama hatua tatu kutoka nilipo, nikasema: "Muulize Mama kama maelekezo yamefuatwa."

Mama naye, mtu wa heshima zake, akamjibu Eliza: "Mwambie yamefuatwa yote. Tangu jana jioni hakuna kilichopita mdomoni."

Nikafurahi kupita kiasi. Nikapaza sauti ili hata wale wa nyuma wasikie, nikasema mnaona, kila mgonjwa wangu angekuwa na mtu makini kama Mama, kazi yangu ingekuwa nyepesi. Kina mama wakapiga makofi. Mama akainamisha kichwa, na nikamwona anatabasamu, na kwa kumbukumbu zangu ilikuwa mara ya kwanza anatabasamu kwa neno langu. Basi nikavimba. Nikaanza kufundisha, nikaeleza ketamini ni nini na propofoli ni nini, na ubongo wenye kifafa unataka nini, na kwa nini Morogoro na Soni siku hizi hakuna tofauti.

Mwenyekiti wao, Mama Upendo, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, akauliza: "Kwa hiyo daktari, ungempa ile ya kawaida ingemfanyaje?"

"Ingeweza kumwangusha kifafa mbele yenu hapa," nikasema. "Lakini kwangu mimi hilo haliwezi kutokea."

Nilipokuwa namalizia, Karani, akiwa amepakatwa na Mama ambaye sasa alikuwa ameketi benchini, akaanza kuchezesha mdomo. Upande mmoja tu, kama anayetafuna kitu kidogo. Nikamwangalia. Kisha lile neno la Mama, hakuna kilichopita mdomoni, likanifikia kichwani kwa mara ya pili, na safari hii nikalielewa. Vidonge viwili, cha jana jioni na cha leo asubuhi, havikupita.

Nikaruka kwenda kumpokea. Mama naye, alipomhisi mbwa anakakamaa, akasimama amemkumbatia. Karani akajikojolea, na sakafu ya baraza letu ni saruji iliyosuguliwa na Eliza kila asubuhi hadi inang'aa, mguu wangu ukateleza ukaenda zake, mimi nikashika kilichokuwa karibu. Kilichokuwa karibu ni Mama. Tukaenda chini sote watatu, Mama akakaa kitako, Karani akaangukia mapajani mwake akitapatapa, mimi nikaangukia juu ya mabega ya Mama, na nilipojitambua nilikuwa nimeshika kilemba chake mkononi na chupa ya chai inamiminikia suruali yangu. Kina mama wawili wakafunika nyuso kwa khanga.

Ningependa ardhi ipasuke inimeze, lakini mbwa alikuwa bado anatapatapa. Nikapiga magoti. Nikawaambia wasimshike mdomo wala wasimwekee kijiko, wamwache nafasi. Diazepamu ilikuwa kabatini, si mfukoni, Eliza akakimbia kuileta. Kanula sikuwa nimeweka, na mshipa wa mbwa anayerusha miguu hivyo huupati, kwa hiyo ilibaki njia moja, ya kupitishia dawa nyuma kwa mpira mwembamba. Inatakiwa mtu ashike mkia. Nikatazama kushoto na kulia, kila mtu akaangalia pengine. Aliyekuwa karibu, kichwa wazi, mvi zote nje, ni Mama.

Kwa hiyo maneno yangu ya kwanza ya maana kwa mama mkwe, macho kwa macho, baada ya miaka kumi na mmoja, yalikuwa haya: "Mama, inua mkia wake."

"Nimeuinua," akasema. "Fanya haraka, baba."

Nikafanya. Tukakaa pale chini, mimi na Mama na mbwa, tukingoja, nami nikawa naangalia saa ya mkononi kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuangalia kitu kingine. Taratibu miguu ikapungua kurusha, kisha ikaacha, kisha Karani akavuta pumzi moja ndefu na mwili ukalegea. Alikuwa hai. Nikamfunika na koti langu.

Ukidhani aibu imeishia hapo, bado. Nilipokuwa nasikiliza moyo wa Karani, Mama Upendo akasema kwa upole wake ule ule, bila nia mbaya: "Labda kuna sharti halikufuatwa nyumbani."

Mama akajibu: "Itakuwa ni mimi. Jana jioni saa yake ilipofika alikuja akakaa kando ya sufuria akaningojea, kama siku zote. Asubuhi tena akaja. Nikamwambia daktari amekataza. Labda nilielewa vibaya, umri huu." Akamshika Karani sikio. "Nisamehe, mwanangu," akamwambia mbwa.

Nami nikanyamaza. Nataka ulijue hilo, kwa sababu hakuna wa sokoni anayelijua. Sikunyamaza sana, labda kiasi cha pumzi tatu, lakini ndani ya hizo pumzi nilifikiri kwamba watu ni wengi, na jina langu, na wateja, na kwamba Mama ni mzee na watamsamehe. Nikainua macho nikakutana na macho ya Eliza. Alikuwa ameshika mfuniko wa chupa ya chai na ananitazama tu.

Nikasema: "Mama hakukosea. Nilisema kitu chochote, akafuata nilivyosema. Kidonge alitakiwa apewe, jana na leo. Kosa ni langu, na nimemsifia Mama mbele yenu kwa kosa langu mwenyewe."

Nilisema nikiwa nimempa Mama uso, si Eliza. Pale nyuma muuza mapeasi mmoja akasema, "Kumbe aliyekosea ni daktari," na tangu siku ile nikipita sokoni naitwa Daktari Chochote, na naitika.

Karani hakupasuliwa siku ile. Nilimweka kwangu mpaka jioni, alipoweza kumeza vizuri nikamrudisha kwenye vidonge vyake, uvimbe nikausafisha na kuufunga, Mama akapanda naye kwenda nyumbani. Aliniaga kwa heshima kama kawaida yake, na kilemba nilikuwa nimesharudisha kupitia kwa Eliza.

Wiki iliyofuata nikapanda Mponde peke yangu. Eliza alitaka kuja, nikamwambia abaki. Mama alinikuta nimesimama uani na daftari, akaniingiza jikoni, akanipa kigoda, nikakaa, nikafungua daftari. Nikamuuliza mwenyewe. Huanguka mara ngapi, Mama? Huwa inachukua muda gani? Kabla hajaanguka anakuwaje? Amewahi kukosa kidonge siku nyingine? Akiamka anakuona?

Mama akainuka. Akarudi na kalenda za kanisa, za miaka minne, zimefungwa kwa uzi. Kila siku Karani aliyoanguka ameitia msalaba mdogo wa kalamu ya risasi, na kando yake ameandika saa, na kama kidonge kilichelewa ameandika pia, na siku mbili alizosafiri kwenda msibani, jirani aliyeachiwa mbwa akasahau kumpa, zimo, na kesho yake msalaba umo. Mambo ambayo mimi nilikuwa nayakisia kwa miaka minne, nikiongeza dawa na kupunguza kwa kubahatisha, yote yalikuwa yanasubiri juu ya kabati la vyombo.

"Mama," nikasema, "mbona hukunionyesha?"

"Hukuwahi kuniuliza, baba," akasema, akaanza kuchochea moto.

Wala hakusema kwa kunilaumu. Alisema tu, kama mtu anayekujibu saa ni ngapi, na ndiyo maana iliniuma.

Siku ya upasuaji tuliyoipanga upya, Mama alishuka na Karani bila msafara. Kidonge alimpa mbele yangu, alfajiri, ndani ya tonge dogo kuliko kucha, nami nikahakikisha limeshuka. Kanula kwanza. Diazepamu mfukoni. Ile dawa nyeupe ikaingia polepole hadi shingo ikalegea, mpira ukakaa kooni, chupa za maji ya moto zikazungushwa mwilini, na Mama nikamwomba akae ndani, akashika mguu wa mbele wa mbwa wake muda wote ambao mimi nilikuwa nakata. Karani akaamka bila kuanguka. Alifungua macho, akamtafuta Mama, akampata, akalala tena usingizi wa kawaida. Mama akalia kidogo, nami nikalia kidogo, kila mmoja akiangalia upande wake, maana heshima bado ipo.

Basi nimeapa. Ketamini na propofoli naweza kuzisoma kitabuni, lakini mbwa anamjua anayeishi naye, na huyo sitamuuliza tena kwa mdomo wa mtu mwingine, awe mkwe wangu, awe askofu. Maelekezo siku hizi nayaandika kwa mkono wangu, na la kwanza kabisa ni dawa ambazo mnyama asikose, kisha namsomea mwenye mbwa, naye ananirudishia kwa maneno yake. Wanaume wenzangu wananicheka kwamba naongea na mama mkwe kama dada yangu. Wacha wacheke. Kumwangukia Mama barazani ni aibu iliyokwishapoa, hata yeye mwenyewe huwasimulia kina mama wa kanisani na kucheka hadi machozi. Anachokisimulia ni kuanguka kwangu tu. Kule kunyamaza kwangu, wakati yeye anamwomba mbwa msamaha kwa kosa langu, sijui kama alikuona, na hilo ndilo swali pekee ambalo bado sijathubutu kumuuliza.